Lori Lililopanda Machame Kinyumenyume

Mama mkwe wangu hakuweza kuteremka mlima, na mchumba wangu alisema bila mama yake kanisani haolewi. Habari ya springi na tairi ilianzia hapo. Wengine hupenda kusema nililiinua lori lile kwa majivuno. Majivuno yalikuwepo, sikatai, nilikuwa kijana na nilikuwa na masharubu, lakini majivuno peke yake hayawezi kumlaza mtu chini ya gari wiki nzima akila vumbi.

Mama yule aliteleza siku moja akipanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nyonga haikurudi sawasawa. Tangu siku hiyo alitembea na fimbo, nyumbani mpaka zizini, zizini mpaka nyumbani, basi. Watoto wake wa kiume walisema watambeba kwa machela siku ya harusi.

"Machela ni ya maiti," alisema. "Mimi ni mzima, nina mguu tu."

Hayo sikuyasikia kwake mwenyewe. Kwetu wakati ule mkwe na mama mkwe hawakutazamana. Ukimwona njiani unaingia migombani kama mwizi, unangoja apite. Kumshika mkono? Hata usifikirie. Maneno yake yote niliyapata kwa mchumba, na mchumba alikuwa akiyaongezea chumvi, namjua.

Nikamwambia mchumba, "Mwambie mama lori litamfuata mpaka uwanjani kwake."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Lori lipi? Lile?"

Lile, ndiyo. Lilikuwa la shamba la mkonge kabla ya vita ya pili, zama za Mwingereza hizo, nami nililipata likiwa limekwisha kuzeeka. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa nikibeba ndizi kutoka Kwa Sadala kupeleka soko la Moshi, na likifika Moshi lilikuwa likikohoa kama babu aliyemeza ugoro. Lakini nililipenda. Mpaka leo nikisikia injini inakohoa nageuka kutazama.

Kutoka barabarani mpaka kanisani njia ilikuwa nzuri. Taabu ilikuwa kutoka kanisani kupanda kwa wakwe. Kwanza ni mwinuko wa kutisha. Pili, kwa kipande kirefu mfereji wa maji ulikimbia katikati ya njia hiyo hiyo. Kingo zake zilikuwa zimeinuliwa kwa udongo na kusukwa kwa majani. Gari lingepita matairi huku na huku, mfereji uko katikati ya miguu yake. Na tumbo la lori langu lilikuwa chini, lingezilima kingo zote kama jembe.

Nikapika mbege, pombe yetu ya ndizi, yaani nikapikiwa, mimi sijui kupika mbege, nikampelekea mzee aliyekuwa mlinzi wa mfereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unataka kupitisha ghorofa lako juu ya maji yetu."

"Naomba nipunguze kingo kidogo tu, mzee. Siku moja. Jioni nazirudisha."

"Kidogo!" Alikuwa ameshika kibuyu changu, anakunywa. "Ukipunguza huku, migomba ya watu kule chini itakunywa nini? Mkojo wa lori?"

Alikimaliza kibuyu chote, ndipo akasimama. Akakata fito, akaisimamisha pale ambapo tairi lingepita, akaikata tena sawa na kimo cha ukingo. Akanipa.

"Kupita sijakukataza. Tumbo lipite juu ya hiyo. Nitakuwepo na nitainama."

Nikateremka Moshi na fito mkononi kama mchungaji asiye na ng'ombe.

Fundi wangu alikuwa rafiki yangu, Mwislamu wa pale mjini, mama yake wa pwani, na kabila la baba yake alikuwa akilibadilisha kila tukikaa. Uwanja wake ulikuwa karibu na reli, umejaa vyuma. Nikamwonyesha fito. Mimi nikasema dawa ni tairi kubwa. Yeye akasema dawa ni springi.

"Ukiweka tairi kubwa kwenye gari lililolala, zitakula madigadi, haya mabati ya juu yake," alisema. "Kwanza liamshe, ndipo ulivishe viatu."

"Liamshe kwa nini? Liko macho."

"Wewe endesha ndizi zako. Nyamaza."

Springi za lori, kwa asiyejua, ni vyuma bapa vilivyopinda, vimelaliana kama chapati. Vya kwangu vilikuwa vimechoka vimenyooka. Akatoa vyuma vingine kwenye lori bovu lililokuwa limeota majani pale uani, akavipeleka kwa mhunzi vikapindwa upya, akaongeza kimoja kimoja kila upande, na chini akatia vipande vya mti mgumu ili kuinua zaidi. Tulipoondoa jeki, lori lilisimama kama jogoo aliyesikia mwenzake akiwika. Tukapitisha fito chini ya chesesi, ile mifupa ya gari. Ikapita na nafasi ya ngumi!

Tukashikana mikono tukaruka. Watu wazima. Fundi akaanza wimbo, mimi nikawa naitikia bila kuujua.

Mke wake alikuwa mlangoni anachagua mchele. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Hongereni. Na lile boga huko nyuma je?"

Tukainama. Boga ni difu, lile donge la chuma katikati ya ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, lenye meno ya kuyazungusha. Lilikuwa limening'inia pale pale lilipokuwa jana. Bila shaka! Springi hukaa juu ya ekseli, na ekseli hushikwa na magurudumu. Tulikuwa tumemwinua mtu mabega, miguu tukaiacha. Fito ikagota kwenye difu, ko!

Fundi akajikuna. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aone."

"Mwongo wewe!" mkewe akasema, na mchele ukamwagika kwa kicheko.

Basi tukarudi kwenye tairi, na hapo nilimtania mpaka akanikimbiza na spana. Tairi ndizo pekee zinazoinua difu. Lakini kumtendea haki, bila springi zake tairi zisingeingia. Wakati ule tairi za malori ya jeshi zilikuwa zimejaa mjini baada ya vita, na za kutufaa zilikuwa za aina mbili. Namba iliandikwa ubavuni: saba-hamsini, ambayo ilikuwa kubwa kidogo kuliko zangu, na mia tisa, ambayo ilikuwa kitu kingine kabisa, ukiisimamisha unaiamkia.

Kwa saba-hamsini fito ilipita chini ya difu kwa unene wa ukucha. Tukafurahi. Kisha fundi akawaita majirani wote wapande nyuma, wanaume, wanawake, mmoja na mbuzi wake, maana lori la harusi haliendi tupu. Tairi zikabonyea, fito ikagota. Tukawashusha. Mwenye mbuzi hakutaka kushuka, alidhani tunaenda mahali.

Mia tisa basi. Nyuma zikakaa vizuri sana. Mbele, kila nilipokata kona, zilisaga madigadi kwa kelele za kuua, tukarudisha saba-hamsini mbele, maana mbele hakuna boga. Kwa hiyo lori likainama mbele likainuka nyuma, kama mama anayetafuta sindano sakafuni. Watoto wa mtaani walilifuata wakiinama hivyo hivyo. Nami nikainama nao. Nilikuwa na furaha, niseme nini?

Furaha ikaishia mlimani. Nililijaribu kwenye mwinuko, gia ya kwanza, likazima. Nikawasha, likazima. Tairi kubwa ni kama mtu wa miguu mirefu, hatua yake ni ndefu lakini kila hatua inataka nguvu, na injini ile nguvu ilikuwa imeziacha mkongeni. Harusi ilikuwa Jumamosi hiyo. Nikaona sura ya mchumba akimwambia pastori hapana, mama hayupo.

Fundi alikaa kwenye jiwe akihesabu gia kwa vidole. Kisha akaanza kucheka peke yake.

"Gia gani ni fupi kuliko ya kwanza?"

"Hakuna."

"Rivasi, ndugu yangu. Rivasi."

Ndivyo bwana harusi alivyopanda kwa wakwe matako mbele. Niligeuza lori pale kanisani, nikatoa kichwa dirishani, nikaanza kurudi nyuma kwenda juu. Injini ikanguruma, ikapanda! Fundi alining'inia nyuma akinielekeza.

"Kushoto! Kushoto! Umelewa?"

"Sijalewa, nimegeuka!"

Wanawake walitoka vihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, na vigelegele. Mmoja akapiga kelele, "Anakuja au anaondoka?" Mwingine akamjibu, "Muulize mchumba wake, labda amebadili mawazo!"

Mzee wa mfereji alikuwepo, na aliinama kweli. Alitembea pembeni ya gurudumu kipande chote, ameinama, joho limefungwa kiunoni, macho kwenye difu. Nilikuwa nalowa jasho. Mwishoni akanyooka, akashika mgongo.

"Limegusa majani," akatangaza. "Udongo halikugusa. Lipite."

Tukaingia uwanjani kwa shangwe, na shangwe ikakatika. Maana tulikuwa tumepima mfereji, tumepima difu, tumempima mpaka mbuzi wa jirani, ila hatukumpima mama. Sakafu ya lori ilikuwa kwenye kidevu chake. Wanawe wakataka kumnyanyua.

"Mimi si gunia la kahawa!"

Nilisikia mwenyewe safari hii, nikiwa nimekodoa macho kwenye kioo cha mbele ili nisimwone. Kumsaidia siwezi, kushuka siwezi. Mchumba akaja dirishani na nguo zake nyeupe, akanong'ona, "Rudi nyuma mpaka kwenye ukingo wa migomba." Nyuma ya uwanja mlima ulikuwa umekatwa wima, juu yake ndiyo migomba. Nikarudi taratibu, pole pole, mpaka nikasikia udongo. Ukingo na sakafu ya lori vikawa sawa kabisa! Mama akazunguka kwa njia ya zizini na fimbo yake, akatokea juu migombani, akaingia ndani ya lori kama anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Akaketi kwenye kiti alichowekewa. Kisha fimbo ikagonga paa juu ya kichwa changu, mara mbili.

"Dereva! Unangoja nini?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu.

Tuliteremka kichwa mbele kwa adabu, na njia nzima nilimsikia akicheka huko nyuma kila tuliporuka jiwe. Kufika kanisani, ukingo hakuna. Ni uwanja tambarare kama meza. Watu wakaanza kubishana, ngazi, meza, mabega. Mama akasema yeye pale alipo panamtosha, ila asogezwe dirishani.

Madirisha ya kanisa lile yalikuwa juu, mtu wa chini haoni kitu. Nikaegesha ubavuni mwa ukuta, kichwa chake kikawa sawasawa na dirisha, nami nikakimbilia ndani nikiwa na mafuta mikononi.

Pastori akamuuliza binti kama ananikubali. Aligeuza kwanza uso juu, dirishani. Kanisa zima likageuka. Mama alikuwa pale, viwiko vimeegemea kizingiti, anaona kuliko sisi sote.

"Sema kwa sauti," akasema, "wa nyuma wasikie."

Binti akasema ndiyo kwa sauti kubwa, na hata fundi, aliyekuwa nje amekalia boneti, akaitikia.