Nyumba Iliyotikisa Mkia

Nyumba za magurudumu nimeziona katika nchi nyingi. Kusini mwa Ureno wastaafu huzipanga kandokando ya ufuo, wakaanika taulo na kulalamikia jua walilolifuata wenyewe. Namibia niliziona zikivutwa jangwani na watu waliobeba hadi mashine ya barafu. Zote zilikuwa za starehe. Kila mwenyewe alikuwa na nyumba nyingine ya mawe mahali fulani, ikimsubiri. Ya Levi Komora, karibu na daraja la Idsowe, kilomita chache kutoka mjini Garsen, ndiyo ya kwanza niliyoikuta imewekwa tayari kwa kukimbia.

Ilisimama kati ya migomba, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na dirisha moja limezibwa kwa bati. Magurudumu mawili, mlango mmoja, na mbele chuma kirefu kama shingo, cha kuishikiza kwenye gari. Mjerumani mmoja wa Malindi, aliyekuwa akinunua maembe ya Levi kwa miaka, alimwachia alipoitwa kwao na wanawe. Ilikuja Garsen juu ya lori la maembe lililokuwa likirudi tupu. Tangu hapo haikuwa imevutwa na gari lolote hata hatua moja.

Levi alikuwa mvushaji. Ana miaka sitini na kidogo, mabega mapana, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu wa ng'ambo. Kwa mtumbwi amevusha mbuzi, baiskeli, bibi harusi na jeneza. Siku hizi daraja limemwachia kazi ndogo ya kupandisha mpunga na maembe kutoka mashamba ya bondeni, lakini ukimuuliza kazi yake bado atakwambia, "Mimi ni mtu wa mtumbwi."

Mkewe Christabel ndiye aliyenieleza kwa nini nyumba ile ilikuwapo. Tulikuwa tumekaa nje, yeye anachagua mchele kwenye ungo.

"Mto umeingia ndani mwangu mara tatu," alisema. "Mara ya mwisho tulikaa kwenye hema miezi, familia tatu ndani ya hema moja. Choo ni foleni. Nikamwambia Baba Pauline, mto ukiingia tena, mimi naenda Malindi kwa dada yangu. Na sirudi."

"Alisema nini?"

"Akaleta hiyo." Alielekeza kidevu kwa nyumba. "Eti maji yakija, tunaondoka na nyumba yetu mpaka Tarasaa, kwa shamba la kaka yake, kule juu. Yakishuka tunarudi kulima."

"Na wewe unaonaje?"

"Naona ni mayai kwenye magurudumu. Lakini nimempa nafasi. Ijumaa wanaijaribu. Ikifika Minjila imenyooka, naenda nayo Tarasaa. Isiponyooka, pale Minjila basi za Malindi zinasimama."

Ndani, kando ya kitanda, niliona sanduku lake la bati limefungwa kwa kamba. Hakuwa akitania.

Gari la kuvuta lilikuwa la Jatani, mfanyabiashara wa mbuzi wa Kiorma, rafiki wa Levi kwa namna ambayo wakulima na wafugaji wa Tana huwa marafiki, yaani huku wakihesabiana makosa. Pikapu yake ilikuwa na safu moja ya viti na sauti ya kikohozi, lakini nyuma ilikuwa imechomelewa chuma chenye kichwa cha mviringo cha kushikia trela, walichokiita ndoano.

"Ng'ombe zangu zilikula mpunga wako," Jatani alimwambia, "leo gari yangu itabeba nyumba yako. Tumelipana."

"Ng'ombe zako zilikula misimu miwili. Utanivuta mara mbili."

Swali walilonipa mimi lilikuwa la lugha. Kwenye shingo ya nyumba palikuwa na kibati cha Kijerumani, lugha niliyoijua, na hakuna aliyekisoma tangu kifike. Nilichuchumaa nikakifuta vumbi. Nyumba tupu, kilo elfu moja. Ikijazwa, isizidi elfu moja na mia tatu. Kitabu cha pikapu kilisema gari linaweza kuvuta elfu moja na mia tano, mradi trela iwe na breki zake. Ilikuwa nazo, na fundi wa Garsen alikuwa amezifungua, akazisafisha na kuzirudisha.

"Basi gari inaitosha," Jatani alisema. "Na inabaki."

"Mizigo yenu isizidi kilo mia tatu," nilisema. "Na kuna mstari mwingine hapa. Uzito unaokandamiza pale puani, mwisho wa shingo, kwenye ndoano, usizidi kilo mia."

Levi alifurahi. "Usizidi. Sawasawa. Pua lazima iwe nyepesi."

Akanieleza, huku akichora mchangani kwa kidole, jinsi mtumbwi unavyopakiwa. Ukipanda mto, mzigo mzito unaukalisha nyuma. Pua inanyanyuka, inapita juu ya mkondo, na mtumbwi unakaa umenyooka. Ukiweka mzigo mbele, mkondo unaikamata pua, unakugeuza ubavu, na habari yako imekwisha. Alikuwa amefanya hivyo tangu ujana, wala hajawahi kumwaga abiria.

Nilimsikiliza kwa raha, kama nisikilizavyo lugha ngeni yenye sarufi nzuri. Sikuona kosa. Nilikuwa nimekisoma kibati neno kwa neno bila kujua kilitaka nini.

Ijumaa asubuhi Levi alipakia mwenyewe. Magunia mawili ya mbegu za mpunga, nyuma kabisa. Cherehani ya Christabel, nyuma. Masufuria makubwa ya harusi, nyuma. Na kwa kuwa aliona bado nyuma hapajatulia, akaongeza madumu manne ya maji, yamejaa hadi shingoni.

Christabel alisimama mlangoni akiyatazama madumu. "Mtu wa Tana," alisema, "anakimbia maji, na bado anayabeba."

"Ni uzito wa kutuliza, Mama Pauline."

"Nitulize mimi kwanza."

Walipotaka kuifunga nyumba kwenye gari, pua haikutaka kushuka. Majirani wawili walilazimika kuining'inia ndipo ikaingia mahali pake, Jatani akaikaza haraka. Levi alinigeukia akitabasamu. "Umeona ilivyo nyepesi?"

Christabel aliingia mbele na Jatani. Sanduku lake la bati akaliweka nyuma ya pikapu, na mimi na Levi tukakaa juu yake, tumeigeuzia barabara migongo, tukiitazama nyumba ikitufuata.

Ilitufuata vizuri mwanzoni. Tulipita Garsen polepole; watu walitoka madukani kuangalia. Mwanamume mmoja aliyeshika sahani ya chapati akauliza kama tumehamishwa na serikali au na mke. Levi aliwapungia wote mkono. Alikuwa amekaa kama nahodha.

Mjini kulipokwisha, Jatani alikanyaga mafuta. Lami ilikuwa imenyooka, vichaka vya mathenge pande zote, upepo unatoka kulia. Ndipo nikaona pua ya nyumba ikifanya kitu kidogo: ilikwenda kushoto, ikarudi, ikaenda kulia. Kama mtu anayekataa kwa kichwa, taratibu. Kisha mkia wake ukaanza, na mkia ulikuwa na nguvu kuliko kichwa. Kila ulipokwenda ulikwenda mbali zaidi, na kila uliporudi uliivuta pikapu pamoja nao. Nilishika ukingo kwa mikono miwili. Nikageuza kichwa: basi lilikuwa linakuja mbele, taa zimewashwa mchana.

Levi alikuwa ameegemea upande wa pili, kama vile mtu anavyoegemea kwenye mtumbwi ili usipinduke.

Jatani aliondoa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki. Basi likapita kwa mlio mrefu. Nyumba ikatikisa mkia mara mbili tatu, kila mara kwa ufupi zaidi, kisha ikatulia. Tukasimama kando, mwanzo wa nyumba za Minjila, karibu na bomba ambapo mikokoteni ya punda huteka maji.

Mlango wa mbele ulifunguka. Christabel alishuka, akaja nyuma, akanyoosha mkono. "Sanduku langu."

"Ni upepo, Mama Pauline."

"Hata mto nao huwa ni mvua ya huko juu. Nipe sanduku."

"Gari ina nguvu," Jatani alisema, akijitetea kabla hajashtakiwa. "Kitabu kimesema. Si gari."

Kicheko kilitoka upande wa bomba. Alikuwa Nasteha, mama muuza maji, Msomali mwenye buibui iliyopauka kwa jua, ameketi kwenye ukingo wa mkokoteni wake huku punda akinywa.

"Nyinyi wazee," alisema, "mnamning'iniza punda."

"Punda gani?" Jatani aliuliza.

"Hiyo gari yako. Angalia matako yake yalivyonyanyuka. Mzigo wote uko nyuma, unamuinua juu. Punda akiinuliwa hivyo miguu haishiki chini. Anacheza tu."

"Mimi nimepakia maisha yangu yote," Levi alisema.

"Umepakia nini?"

"Mtumbwi."

"Mtumbwi unavutwa na nani?"

Levi, kwa sababu si mtu wa kukubali jambo la kusimuliwa, akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyumba, akaenda kwenye ndoano na kuvuta kishikio ili athibitishe kwamba pua imekaa. Pua iliruka juu mbele ya kidevu chake. Mkia ukagonga lami kwa kishindo, na ndani masufuria ya harusi yakapiga kelele zote yalizonazo.

Hakuna aliyecheka isipokuwa punda, kama kile anachofanya punda ni kucheka.

Levi alizunguka nyumba mara moja, mikono nyuma. Aliporudi alimwambia Nasteha, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nionyeshe mkokoteni wako."

Akamwonyesha. Madumu yalikuwa yamesogezwa mbele kidogo ya ekseli inayounganisha magurudumu, kiasi kwamba miti ya mkokoteni iliulalia mgongo wa punda bila kumlemea. Levi aliuinua mti mmoja kwa mkono, akapima, akashusha, akainua tena. Nilimwona akisahau kwamba alikuwa ameaibika. Aliomba dumu moja lisogezwe nyuma, akainua. Likarudishwa mbele, akainua.

"Mtumbwi unabebwa na maji mwili mzima," alisema hatimaye, zaidi kwa nafsi yake. "Hii inabebwa mahali pamoja tu. Lazima impe punda kitu cha kushika."

"Ndiyo maana kibati hakikusema pua isiwe na uzito," nilisema. "Kilisema usizidi."

"Wewe ndiye uliyekisoma," Christabel alinikumbusha.

Kibanda cha Mramba, mnunuzi wa maembe, kilikuwa hatua chache mbele, nacho kina mizani ya sahani pana ya kupimia magunia. Mramba alikubali kuikopesha kwa sharti aone mchezo wote. Tuliishusha shingo ya nyumba juu ya kipande cha gogo chenye kimo cha ndoano, gogo juu ya mizani. Kila mtu akatoa maoni. Tukaanza kutoa vitu na kuvipanga upya.

Maji yalikwenda kwanza. "Nipe hayo," Nasteha alisema. "Ukiyamwaga hapa mbele ya wateja wangu unaniharibia biashara." Magunia ya mpunga yaliletwa mbele ya ekseli. Cherehani ikawekwa chini, katikati. Masufuria yakafungwa kwa kamba.

"Tunataka ngapi?" Mramba aliuliza.

Nilikuwa nimepiga simu kwa rafiki yangu Windhoek, anayekodisha nyumba hizi. Alisema kwa uzito wetu pua ikandamize kama kilo themanini. Mizani ilisema sitini.

"Sogeza gunia," Jatani alisema.

"Limefika mwisho, pale mbele kuna kabati la chini tu," Levi alisema. "Gunia halipiti mlango wake." Alitazama huku na huku. Aliniangalia mimi.

"Mgeni hafungwi kwenye kabati," Mramba alisema.

Basi la Malindi lilikuwa limeingia kituoni. Utingo alikuwa anaita abiria, akigonga ubavu wa gari kwa kiganja. Christabel alilitazama. Sanduku lake la bati lilikuwa miguuni pake, kamba imekazwa vizuri. Levi aliliona pia.

Christabel alilinyanyua kwa mpini mmoja, akalipima kwa mkono kama vile Levi alivyopima mti wa mkokoteni.

"Hili ni kilo ngapi, Mramba?"

"Sijalipima, mama."

"Lipime mle ndani."

Levi na Jatani walilibeba, wakaliingiza kwenye kabati la mbele. Liliingia kama lililopimiwa. Sindano ya mizani ilipanda, ikayumba, ikatulia karibu kabisa na themanini. Basi la Malindi likapiga honi, likaondoka.

"Nimekuazima uzito," Christabel alimwambia mumewe. "Usianze kuchekacheka."

Safari hii pua iliingia kwenye ndoano yenyewe, na matako ya pikapu yakashuka kidogo, kama mtu anayekaa. Jatani alikwenda taratibu kwanza, kisha akaongeza. Upepo ulikuwa uleule. Nyumba ilitufuata imenyooka, ikitikisika tu kwa mashimo. Levi hakuitazama sana. Aligeuka akaitazama barabara, kule mbele, kupitia kioo cha nyuma cha pikapu, ambako kitambaa cha kichwa cha mkewe kilikuwa kikitikisika akimweleza Jatani jambo.

Tarasaa tuliiegesha kwenye shamba la kaka yake Levi, palipoinuka, mawe kwenye magurudumu, mlango ukielekea bondeni. Hakukuwa na mafuriko. Mvua zilikuwa bado. Walikuwa wamejua tu kwamba inawezekana. Wangelala hapo, na asubuhi warudi mtoni kuvuna ndizi.

Jioni Levi alifungua kabati la mbele akaanza kulivuta sanduku, ili mkewe apate nguo zake.

"Toa kanga moja," Christabel alisema akiwa jikoni kwa shemeji yake, bila kugeuka. "Sanduku liache palepale. Ukilitoa, kesho tutarudije?"