Mzee Maksai na Mtamba Mwekundu

Mji mzima unamwita mume wangu Mzee Maksai. Wapo watoto Ujiji waliolijua jina hilo kabla ya kujua kwamba maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa, ambaye hapigani tena wala hana haja na majike, kazi yake kula na kunona tu. Maisha yake yote mume wangu alifanya kazi hiyo moja. Alinunua madume wachanga minadani huko Kasulu, akawahasi, akawachunga kwenye shamba letu la kilimani nyuma ya mji, na walipojaa akawauzia wenye bucha wa Ujiji na Kigoma. Hakuwapa pumba wala mashudu, ni majani na chumvi basi. Nyama yake ikapata sifa, na jina likamganda.

Aliyemwita hivyo kwanza ni rafiki yake mwenye bucha, mtu wa mdomo mrefu na kisu kikali. Mimi ananiita shemeji, nami namkaribisha kahawa, lakini kumpenda sijampenda hata siku moja. Jina alilitoa kwa ajili ya kazi, ila lilikuwa na mwiba ndani yake na kila mtu aliuona. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Barazani walikuwa wakisema, "Maksai anafuga maksai," wakacheka mpaka kahawa ikawapalia, na mume wangu akacheka pamoja nao. Nilikuwa nikimtazama nikidhani maskini haelewi.

Ukweli wenyewe ulikuwa mwingine. Tulipokuwa vijana tulikwenda hospitali tukapimwa wote wawili. Daktari alimwambia yeye kwamba hana kasoro yoyote. Kisha akanigeukia mimi, akaeleza polepole kwamba kizazi changu hakitashika mimba, labda tusafiri hadi Dar es Salaam kwa mabingwa tukajaribu, na tukikosa tujaribu tena. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akasema, "Basi. Twende nyumbani, maksai wanataka maji."

Nilitembea nyuma yake njia nzima nikimchukia. Mkeo ameambiwa neno kama lile, na wewe unawaza maji ya ng'ombe! Hakuoa mke wa pili, ingawa dini ilimruhusu na dada zake walikwisha kumtafutia mchumba. Wala hakumwambia mtu yeyote maneno ya daktari. Mji ukabaki kuamini kwamba mwenye kasoro ni yeye, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza nikauza dagaa zangu sokoni Kibirizi.

Sasa, miaka michache iliyopita, Idd ya kuchinja ilipita na zizi likabaki tupu kama kila mwaka. Kila mwaka baada ya Idd mume wangu huzunguka zizi lile akikaza nyaya ambazo hazijalegea. Safari hii alirudi mapema, akakaa kwenye kibao cha jikoni, mahali ambapo hakai kamwe.

"Mwaka huu sinunui maksai," akasema.

"Utafuga nini, sungura?"

"Majike. Nataka ng'ombe wanaozaa. Ndama azaliwe pale pale, anyonye pale pale, ale majani yetu mpaka akue."

Nilikuwa natumbua migebuka, na nikiwa na kisu mkononi huwa nasema zaidi ya nilivyokusudia. Nikamwambia maksai anaingia mvua zikianza na kufika Idd ameshatoka, lakini jike utamngoja apandwe, umngoje abebe miezi tisa, kisha umngoje mtoto wake akue. "Kwani sisi tuna umri gani, Mzee? Mtu wa umri wako anapanda michikichi ili wajukuu wake wapate mawese!"

Neno wajukuu lilikwisha kunitoka, na neno halina mkia wa kulikamata. Niliinama nikaendelea na samaki. Yeye akaondoka kwenye kibao, akasema kwa upole tu, "Mchikichi huzaa mapema kuliko unavyodhani." Kesho yake alipanda gari la Kasulu.

Alirudi na mitamba mitano, majike wachanga wasiozaa bado, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka. Mtu aliyenunua nyama ya kutembea maisha yake yote hawezi kubadili macho kwa siku moja. Alikuwa amechagua makalio na vifua. Wanyama wale walikuwa wamejaa kama madumu ya mawese, na aliyewapita wote kwa uzuri alikuwa mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mume wangu alimpitishia kiganja mgongoni taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kizuri dukani ambacho bado hajaamua kukinunua.

Aliazima dume kwa jirani, na dume alifanya kazi yake bila kusukumwa. Ila mitamba ile ilipandwa na kupandwa tena na hakuna hata mmoja aliyeshika. Ndipo tukamwita afisa mifugo, binti wa kutoka Mbeya aliyehamishiwa huku, ambaye hupanda vilima vyetu kwa pikipiki vizuri kuliko wanaume. Alituamkia, akavaa glovu ya kufika begani, akawapima mmoja mmoja, kisha akajifuta jasho.

"Mzee, shikamoo tena. Hawa umewachagulia sufuria ya supu. Wamenona mno, mafuta yanawazuia kushika mimba. Inabidi wapungue."

"Wapungue vipi?"

"Wakonde kidogo."

Mume wangu alinitazama kana kwamba binti amemtukana mama yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu aliyejulikana Kigoma nzima kwa kunenepesha anaambiwa akondeshe! Lakini alitii. Mchungaji wetu, Muha mtaratibu wa kutoka bondeni Kasulu, akawa anawapeleka upande wa mawe ambako majani ni mafupi, na kuwateremsha kwa miguu hadi kijito cha chini badala ya kuwaletea maji. Mbavu zikaanza kuonekana. Barazani mwenye bucha akatangaza kwamba Maksai amefilisika, mbavu za ng'ombe wake unaweza kuzipiga kama marimba. Mume wangu alirudi siku hiyo akakataa chakula. Jioni moja nilimkuta nyuma ya zizi, kanzu ameikunja mbele kama mwanamke aliyebeba mahindi, ndani yake majani mabichi, anamlisha yule mwekundu kwa siri.

"Mzee!"

"Ameniangalia," akajibu. "Ningefanyaje?"

Hata hivyo ilifanya kazi. Dume aliporudishwa, wanne walishika. Yule mwekundu hakushika. Tukasema ni yale majani ya kanzu, tukamkondesha naye vizuri, nikimlinda mwenyewe dhidi ya mume wangu. Akapandwa tena. Hakushika. Afisa mifugo alitueleza kanuni ya kazi hii mpya, bila ubaya wowote: katika ufugaji wa ndama, jike asiyezaa anakula majani ya wenzake, kwa hiyo huuzwa kwa nyama. Nilimwelewa. Mimi ni mfanyabiashara, najua kwamba chanja ya kukaushia haikai bila dagaa. Lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri, na tangu siku ile nilikuwa nikienda shambani nampita yule mwekundu bila kumwangalia usoni.

Ndama wa kwanza alizaliwa asubuhi ya mvua. Nilikuwa nimetoka Kibirizi na harufu yangu yote, nikamkuta mchungaji amesimama njiani ananisubiri, akaniamkia kwa Kiha chao. "Mwakeye, Mama! Kaja, na kasimama!" Nikakimbia na umri wangu huu. Ndama alikuwa amelowa, miguu inakosana, anatafuta chuchu mahali pasipo na chuchu. Mume wangu alikuwa amevua kofia, mvua inampiga kwenye upara, wala hajui. Midomo yake ilikuwa inacheza tu.

Siku maziwa yalipowatosha ndama na sisi, nilichukua kikombe, na mchungaji akanizuia kwa adabu. "Mama, leo umekula dagaa?"

"Mimi? Ninazila, ninaziuza, ninazilalia."

"Basi usinywe. Kwetu mtu aliyekula samaki hanywi maziwa, ng'ombe atakauka."

Nikamwambia kwa sheria hiyo Ujiji nzima haitaonja maziwa mpaka Kiyama. Lakini alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili na hakutania, nami nikaweka kikombe chini. Tulikubaliana kwamba siku ya maziwa nitakula maharage.

Watu walikuja kuwatazama ndama. Wanawake wa mtaani waliniletea sukari kana kwamba nimejifungua mimi, wakasema hongera, hongera, na wengine walisema kwa utani, wengine kwa moyo. Niliitikia vizuri, kisha nikaingia ndani nikasimama nyuma ya mlango mpaka machozi yakakauka. Niliwaonea wivu ng'ombe. Ni jambo la aibu kwa mwanamke mzima, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nje niliwasikia wanaume wakimwambia mume wangu, "Hongera, Mzee Maksai!" Hata na ndama wanne zizini jina lilikuwa palepale.

Idd ilipokaribia, mwenye bucha alikuja kunywa kahawa barazani kwetu. Nilikuwa namimina mimi.

"Yule mwekundu wako sasa amejaa tena," akamwambia mume wangu. "Nipe mimi. Tasa yule, na tasa dawa yake ni kisu."

Kahawa ikamwagika kwenye sinia. Sikuifuta. Nilimsubiri mume wangu aseme neno, lolote lile, na yeye akanywa kikombe chake mpaka mwisho. Kisha akasema, "Njoo Ijumaa baada ya sala. Afisa mifugo atakuja kumpima mara ya mwisho, tutajua."

Siku zile zilizobaki sikumsemesha. Ugali wangu ulikuwa mgumu, mchuzi hauna chumvi, na alikula vyote bila kuuliza. Nilikuwa na hasira nisiyoweza kumweleza. Ningemwambia nini? Usimuuze ng'ombe asiyezaa, kwa sababu ukimuuza nitajua ulikuwa unanihesabu vipi miaka yote hii? Mtu hasemi maneno kama hayo kwa mumewe wakati anaosha vyombo. Na kwa akili yangu ya biashara nilijua kwamba kumuuza ndiyo sawa.

Ijumaa nilikwenda shambani bila kuitwa. Mwenye bucha alikuwa ameshafika na kamba yake mpya. Ziwa chini lilikuwa limetulia, na milima ya Kongo ilionekana vizuri ng'ambo. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Binti akavaa glovu, akapima kwa muda mrefu kuliko mara zote, macho yake yakiwa yanatazama mbali kama wanavyofanya wakipapasa ndani. Akautoa mkono.

"Pole, Mzee. Kizazi chake hakikukomaa, ameumbwa hivyo. Huyu hatashika. Zipo sindano, tunaweza kujaribu, na zikishindikana tukajaribu tena, lakini mimi ningekushauri umuuze."

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye nguzo, akaanza kufungua fundo.

"Basi," akasema. "Twende, mama, unataka maji."

Aliyeambiwa alikuwa ng'ombe. Lakini mimi nikashika waya wa zizi. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu ujana wangu kama jiwe kwenye kiatu, na sasa nilikuwa nimesimama mahali ambapo ninauona uso wake anapoyasema. Siku ile hospitali nilikuwa nyuma yake, sikuuona.

"Maksai," mwenye bucha akasema, "umemsikia mtaalamu? Hazai!"

"Nimesikia."

"Sasa huyu ni wa nini?"

"Ni wangu."

Mwenye bucha alisimama kidogo na kamba yake, akanitazama mimi, akatazama chini. Akaaga. Binti akaosha glovu, akatuaga naye, akawasha pikipiki. Mume wangu akaanza kuteremka kwenda kijitoni, na yule mwekundu akamfuata bila kuvutwa. Nami nikafuata. Safari hii sikutembea nyuma, nilitembea kando yake, ingawa njia ile ni nyembamba na miiba ilinishika kanga.

"Mzee," nikamwambia. "Lile jina. Ulikuwa unajua wanacheka nini?"

"Bibie, nimehasi madume maisha yangu yote. Nisijue maana ya maksai?"

"Na hukuwajibu hata siku moja."

"Ningewajibu nini?" akasema. "Niwaonyeshe wewe?"

Tukafika majini. Mtamba aliinamisha kichwa akaanza kunywa, na sisi tukakaa juu ya jiwe tukamngoja amalize.