Siku Niliyobatizwa kwa Ajili ya Sikio la Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Sandoa, sikupewa sindano wala kipimajoto. Mkuu wa kituo cha afya, tuliyemwita Titulaire, alinisukuma mbele ya mama mmoja aliyekaa kwenye benchi akaniambia, "Mademoiselle, nusa sikio ya huyu mama." Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka shule ya uuguzi juzi tu, blauzi yangu nyeupe imepigwa pasi hadi inataka kusimama yenyewe. Nikanusa. Nikakimbilia nje, nikatapika juu ya maua ya Titulaire.

"Muzuri," akasema, ingawa maua yale aliyapenda. "Ile harufu usiisahau. Sikio yenye kutoka maji bila harufu inaweza kungoja kidogo. Yenye kunuka vile haingojaka."

Nyinyi vijana mnaosomea kazi hii leo mna taa za kichwani na picha kwenye simu. Sisi tulikuwa na pua. Basi nisikilizeni. Sikio linalotoa usaha mwezi baada ya mwezi si "sikio chafu", kama wanavyosema majirani. Ngoma ya sikio, ile ngozi nyembamba iliyo ndani, imetoboka, na ugonjwa umeingia nyuma yake ukapanga chumba. Ukiachwa, unakula vile vifupa vya kusikilia. Unaingia kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, tunaouita mastoide. Unaweza kupindisha uso, na mwisho ukapanda ubongoni. Watu wamekufa kwa sikio, huku jamaa zao wakihangaika kumtafuta mchawi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa utambi. Unasokota pamba safi, unaiingiza taratibu, inanyonya usaha, unatoa, unaweka nyingine, mpaka utambi utoke mkavu. Hapo ndipo unatia matone ya dawa. Ni jambo rahisi, na watu wa kwetu hawaamini jambo rahisi! Masikioni mwa watu nimetoa maziwa ya mama, nimetoa mawese, nimetoa tumbaku, na siku moja nikatoa mafuta ya breki. Mwenyewe alikuwa fundi wa magari. Nikamuuliza sababu, "Tata, juu ya nini?" Akanijibu bila haya, "Mama, kwa motokari inasaidiaka."

Kutoka Sandoa nilihamishiwa Mutoshi, penye migodi, na huko ndiko nilikompata Mwamba. Alikuwa creuseur, mchimbaji wa madini kwa mikono, mtu wa mabega mapana aliyetoka Kasai kutafuta maisha. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa surua ya utotoni. Lililobaki ni la kulia peke yake, nalo lilikuwa likitiririka. Simu aliachiwa mkewe, Mbuyi, amsikilizie na kumjibia, maana usaha ulishaharibu simu nyingine. Na shimoni alikuwa akishuka kwa kutegemea sikio hilohilo. Wenzake wakiona udongo unapasuka juu hupiga kelele, na asiyesikia hubaki chini.

Nikamnusa. Mara nikayakumbuka maua ya Titulaire. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, na sikio lenyewe limesukumwa mbele. Tukapanda pikipiki ya taxi-moto hadi hospitali ya Kolwezi, yeye katikati yangu na dereva asije akaanguka kwa kizunguzungu, mimi nimemkumbatia mume wa mtu mchana kweupe.

Daktari wa masikio alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyetaka salamu ndefu. Alimpasua mfupa akausafisha, na mimi akaniomba nibaki kwenye kitengo chake, ndivyo nilivyokuja kuishi Manika, mtaa wa Kolwezi. Ilichukua miezi kabla sikio halijakauka. Siku ya kumruhusu, daktari alimwambia: "Tata Mwamba, ngoma iko bado na tundu. Maji ikiingia, tutaanza upya, na sijui kama tutabakisha kitu." Mwamba akaapa. Akioga, pamba yenye vaselini sikioni. Mvua ikinyesha, hatoki.

Kumbe alikuwa ameapa mara mbili. Kabla ya kupasuliwa, hofu ilipomshika, alimwahidi Mungu kwamba akipona atabatizwa. Na kanisa la Mbuyi ni la kumzamisha mtu mzimamzima mtoni.

Mbuyi alinijia mbio hospitali. "Mama, banamupeleka ku muto! Pasteur anasema batoe pamba!"

Nilifika mtoni na blauzi yangu ya kazi. Watu wamejipanga, nguo nyeupe, kwaya inaimba. Mwamba amelifunika sikio kwa mkono kama mtoto anayengoja kofi. Pasteur, mchungaji wao, jitu zima, amesimama maji yakimfika kiunoni.

"Pasteur," nikapiga kelele, "huyu mutu maji isimuingie mu sikio!"

"Mama infirmière, ubatizo ni ya mutu muzima. Hata unywele moja haibakie mukavu."

"Basi mumumwangie na kikombe."

"Ile ni mambo ya bakatolika."

Hapo damu ikanipanda, maana mimi ni mkatoliki. "Mi banimwangia kikombe tu, na shetani ananiogopaka!"

Mwamba akanigeukia. "Mama, niliapa," akasema. "Nikirudi nyuma, Mungu atafunga hii sikio. Nikiingia, maji itaifunga."

Nikabaki nimeshika kiuno, namtazama Pasteur akimwita mama aliyekuwa mbele ya Mwamba. Akatoa kitambaa cheupe, akamziba pua vizuri, akamzamisha.

"Pasteur!" Nilishtua hata kwaya. "Ile kitambaa ni ya nini?"

"Ya pua, mama. Maji isimuingie."

"Ah! Na pua haiko mu mutu muzima?"

Kisha mwanakwaya mmoja akacheka, wakacheka wote. Pasteur akakitazama kitambaa chake, akamtazama Mwamba, naye akashindwa kujizuia. "Bon," akasema. "Pua nitashika mi. Sikio, kuya ushike weye."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikavua viatu, nikaingia. Nikashindilia sikioni pamba ya vaselini niliyokuja nayo mfukoni pamoja na kibano, nikaifunika kwa kiganja. Pasteur akataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akamlaza yule jamaa na uzito wake wote, na mimi mguu ukateleza kwenye tope. Tukazama sote wawili. Maji yaliniingia puani, mdomoni na masikioni, lakini kiganja changu hakikubanduka.

Tulipoibuka watu walikuwa wanashangilia, "Alleluia! Babili!" Mama mmoja akanifunga kitenge, akaniita dada katika Bwana. Nikawafokea wanyamaze. Nikavuta pamba polepole kwa kibano. Upande wa nje umelowa chapachapa. Upande wa ndani mkavu, mweupe. Nililia mbele ya kanisa zima, nao wakasema ni Roho ameshuka.

Mwamba alikuwa ananiambia kitu, wala sikumsikia, masikio yangu yameziba. Kesho yake daktari akanichungulia. "Nta tupu, imevimba na maji," akasema. "Na weye ndiye unafundishaka batu!" Akanisafisha kwa bomba huku anacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Padri wangu naye akaniuliza, "Mama, sasa uko wa kwetu ao wa kule?" Nikamjibu niko wa hospitali, aniache.

Sasa nimestaafu. Ya kazi nimeshawaambia: tumieni utambi, na ile harufu msiingoje. Mwamba hakurudi shimoni, anauza madumu sokoni Manika. Mbuyi ananilaumu kwamba sasa mumewe anasikia kila kitu, hawezi tena kumsengenya akiwa ndani ya nyumba.

Kila Jumapili, ibada yao ikiisha, Mwamba ananipigia kwa simu yake mwenyewe, ameiweka kwenye sikio lilelile.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, Mwamba."

"Na mi nakusikia."

Halafu anakata. Hana jambo jingine. Mwanzoni nilimgombeza kwa kuchoma unité za simu bure. Siku hizi, misa ikiisha tu, natoka nje haraka nisije nikaikosa simu yake.