Hotuba ya Mfalme wa Kikorea

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nyumba yangu ya Mkonze ina runinga pana kuliko dirisha. Jumapili binti yangu Neema alimleta mchumba wake, msomi wa chuo, nami nikaapa moyoni kwamba hataniona mshamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Filamu unaangalia?"

"Kidogo, baba."

Nikaanza kumchambulia ile ya mfalme wa Kikorea, ambayo nimeirudia mara nne. Nikaisifia hotuba ya huyo mfalme kabla ya vita: "Leo tukishindwa, ng'ombe wa babu zetu watalala zizi la jirani!" Nikaongeza kwamba hizo za kutafsiriwa kwa Kiswahili nawaachia watoto, maana mimi Kikorea nakisikia vizuri.

Kijana akainama. Neema akaziba mdomo kwa khanga.

"Sema tu, mwanangu, toa maoni."

"Baba, yule mfalme ni bubu. Filamu nzima hasemi neno."

"Na hotuba je?"

Akakohoa kidogo, kisha akajibu kwa sauti nzito ya mfalme ninayemjua: "Hotuba niliitunga mimi, baba. Kazi yangu ni kutafsiri filamu, pale Makole."