Nilivyosoma meno ya taa kama ya mbuzi, nusura nikose digrii

"Huyu mnyama wako anakula nini?"

Wakuu, asalaam aleikum. Swali hilo niliulizwa na amu yangu hapa Garissa. Nilikuwa mwaka wa nne, nasomea viumbe wa baharini, na jibu sikuwa nalo. Naandika yote kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Project yangu ilihusu taa, yule samaki bapa anayejilaza mchangani huko Pwani. Nilikuja likizo na taya lake moja lililokaushwa.

Baba alikuwa ameshatoa neno: nikifeli project, hatalipia mwaka wa tano wa kurudia. Binti wa wafugaji kusomea samaki, kwake tayari ilikuwa anasa.

Sasa amu ni dalali wa mifugo. Sokoni kwetu hakuna anayenunua mbuzi bila kumfungua mdomo. Akalishika lile taya, akapitisha kidole kwenye meno. Tuliongea Kisomali, natafsiri.

"Adeer," akaniambia, maana kwetu amu na mtoto wa ndugu yake huitana hivyo, "huyu ni wa malisho. Meno bapa, ya kusaga. Fisi ana meno kama haya?"

"Kwani baharini kuna majani?" mama akauliza.

"Yapo. Nyasi kabisa," nikajibu.

"Basi umemaliza! Ni mbuzi wa maji. Chumvi ndiyo hiyo anayo tayari."

Wote wakacheka.

Mimi ninayebishia kila kitu, hata utabiri wa mvua, hapo sikubisha. Niliporudi chuo nikaandika kwenye ripoti kwamba taa hula nyasi za baharini.

Msimamizi wangu akairudisha na mstari mmoja: "Umepasua matumbo mangapi?"

Sufuri, wakuu. Na zilibaki wiki tatu tu niitetee mbele ya walimu.

Kinachouma zaidi: nyumbani mbuzi akichinjwa, wazee huangalia tumboni wajue malisho ya huko alikokuwa yakoje. Nililijua hilo tangu utotoni. Nikaishia kwenye meno.

Nikashuka Pwani, nikawaomba wavuvi matumbo ya taa waliyokuwa wakitupa.

La kwanza, vipande vya magamba ya kaa. La pili, kamba wadogo. La tatu, minyoo na mchanga. Nyasi, hata unyuzi mmoja haukuwemo.

Yale meno bapa husaga magamba!

Halafu maji yalipokupwa, mvuvi mmoja akanionyesha vishimo mchangani. Taa hufukua kutafuta chakula. Mchanga unapinduka, hewa inaingia, na samaki wadogo wanamfuata wakiokota makombo.

Niliandika upya kila kitu, nikaenda kujitetea. Nikapita.

Nilipompigia baba alisema "Alhamdulillahi" mara tatu, na mimi nikakaa chini palepale koridoni. Amu akamnyang'anya simu, nikamweleza habari za kaa: "Mla nyama mwenye meno ya mbuzi? Huyo mimi sokoni simpitishi!"

Funzo: nilihoji kila kitu isipokuwa jibu lililonifurahisha.

Na wewe, ujuzi wa nyumbani uliwahi kukuponza? Tuambie hapo chini. Watu wa Pwani, nilipokosea nisahihisheni.

Kingine nimekijua juzi tu, miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Macho ya taa yako juu na mdomo uko chini, kwa hiyo taa hamwoni kaa anapomsaga. Humpata kwa harufu, na kwa kuhisi umeme hafifu unaotoka mwilini mwa kaa aliyejificha mchangani.