Machela Ilihesabiwa Mtu Mmoja

Mjini walimwita Mizani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kumpandisha kila abiria juu ya mizani ya kiwanja cha ndege, yeye na begi lake, amwandike kilo zake na kumpangia kiti. Ndege ilikuwa ndogo, ya viti kumi na tisa, na uwanja wenyewe wa changarawe, mfupi. Wanawake walikuwa wakimsogelea na kumnong'oneza, "Mizani, andika lakini usisome." Naye hakusoma. Kwa miaka miwili alibeba kilo za mji mzima kifuani na hakumtolea mtu siri.

Kiwanja kilikuwa chumba kimoja tu chenye dirisha la kukatia tiketi, mabenchi mawili, simu ya mezani na saa ya ukutani. Ndege ilikuja Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, na ilikuja kwa sababu serikali ililipia viti vitupu. Bila ruzuku hiyo hakuna shirika ambalo lingeleta ndege kwenye mji kama ule, hata kwa kupotea njia. Mkataba ulisema kiti kikikosa mtu, serikali itamlipia huyo asiyekuwepo, miaka miwili, ili mji uzoee kuruka. Ila mwisho wa miaka hiyo miwili, wastani wa abiria usiwe chini ya kumi na mmoja kwa kila safari. Ukiwa chini, ruzuku inakatwa. Mizani aliujua mkataba ule kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake gizani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mkataba haukulisema. Mgonjwa asiyeweza kukaa alilazwa kwenye machela, na machela ilifungwa juu ya viti vitatu vya nyuma vilivyokunjwa. Kwa sheria ya shirika, mgonjwa huyo alitakiwa kukata tiketi tatu. Nani mjini pale alikuwa na uwezo wa tiketi tatu? Mwezi wa kwanza tu Mizani alipiga simu makao makuu, akabembeleza mpaka sauti ikamkauka, na wakakubali: machela moja, tiketi moja. Wagonjwa wakamwombea dua. Tangu siku hiyo kila machela aliiandika mtu mmoja, na vile viti viwili vingine akaviandika vitupu. Hakuona ubaya. Si serikali inavilipia?

Barua ilikuja na ndege ya Jumanne. Kapteni, rubani wa ndege ile, alimkabidhi mkononi huku akitazama pembeni, kwa hiyo Mizani akajua kabla ya kuifungua. Wastani wenu ni kumi nukta mbili, barua ilisema. Haufiki. Ruzuku haitaendelea baada ya mwisho wa mwezi.

Ndege ilipoondoka alishusha madaftari yote ya miaka miwili akaanza kuhesabu machela. Alizipata tisini na mbili. Akachukua vile viti viwili viwili alivyoviandika vitupu, ambavyo havikuwa vitupu hata siku moja, akavirudisha kwenye hesabu. Wastani ukapita kumi na moja. Alirudia mara ya pili, na mara ya tatu kwa penseli nyingine, kana kwamba penseli ndiyo yenye kosa. Ukapita vilevile. Yaani wagonjwa walioitegemea njia ile kuliko wote ndio walioiua, na mkono ulioandika ni wake.

Akapiga simu kwa bwana wa mauzo, makao makuu.

"Dada, serikali inahesabu tiketi," bwana wa mauzo alisema. "Haihesabu viti. Miguu ya mgonjwa ikilala kwenye kiti, haijawa abiria."

"Lakini mliniruhusu nyinyi."

"Tulikuruhusu kwa huruma. Huruma haina safu kwenye fomu."

"Kwa hiyo imeisha?"

Yule bwana alihema. Pengine alikuwa na njaa, pengine alitaka tu kukata simu. "Hesabu za mwezi hazijafungwa kabisa," akasema. "Zikifungwa tutaona."

Maneno hayo Mizani aliyashika kwa mikono miwili.

Nyumbani, mumewe alikuwa amelala sakafuni juu ya ubao wa mlango. Ubao aliutengeneza mwenyewe, maana alikuwa fundi wa paa, na wiki tatu nyuma alikuwa ameteleza juu ya paa la ghala akaangukia mgongo. Daktari wa kituo cha afya alimwambia Mizani mbele ya mlango, kwa sauti ya chini: pingili moja ya uti wa mgongo imepasuka, lakini vidole vya miguu bado vinacheza. Apasuliwe haraka. Asafiri amelala, tena asipitishwe barabarani. Kwa barabara ni siku mbili za mashimo na mawe, na shimo moja baya linatosha kumaliza miguu yake. Hospitali kubwa ilimpa kitanda Jumatano ya wiki iliyofuata. Mizani alikuwa ameshamwandikia machela kwenye ndege ya Jumanne, siku moja kabla. Jumanne ilikuwa bado ndani ya mwezi. Alimhakikishia mumewe kwamba Jumanne haina wasiwasi.

"Cheza vidole nione," alimwambia kila akiingia.

"Mizani wangu, vimechoka kuchezea watu bure," mumewe alijibu. "Leta kiingilio." Lakini alivichezesha.

Jumatano na Alhamisi asubuhi Mizani alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Yeye asiyepaza sauti alipiga simu nyumba baada ya nyumba. Aliona hivi: Ijumaa ndege ikijaa, Jumanne ikijaa, hesabu zitapanda, na makao makuu watapata la kuiambia serikali. Bi Nguo, mwuza nguo wa sokoni, alipigiwa mara tatu. "Nenda kachukue mzigo wiki hii, usingoje," Mizani alimsihi. Mwalimu mstaafu alikuwa akifuatilia pensheni yake mwaka wa sita. Akamwambia Ijumaa ndiyo siku nzuri. Fundi saa na mkewe walikuwa na mjukuu mchanga huko kwenye mji mkubwa, hawajamwona. Nao akawatia moyo. Wa kumi na tisa alikuwa mama mmoja wa upande wa machimbo ya mawe, mwenye mtoto wa miezi saba aliyeingiwa na ukungu machoni. Alipanga kumpeleka kwa madaktari wa macho mwezi ujao. "Mwezi ujao mbali, mwenzangu," Mizani alimwambia. "Njoo Ijumaa."

Alhamisi saa nne viti vyote kumi na tisa vilikuwa na majina. Haikuwahi kutokea. Mizani aliikodolea macho orodha, akacheka peke yake.

Saa nane mchana simu ililia.

"Dada, hongera, nimeona mmejaza," alisema bwana wa mauzo. "Sasa sikiliza. Kesho ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya njia hiyo. Ndege inahamishiwa kule kwenye mgodi mpya. Serikali imefungua ruzuku huko, miaka miwili mbele, inalipia nusu ya viti. Inaanza Jumatatu. Ungekuwa wewe ungeacha?"

"Na Jumanne?"

"Jumanne haipo."

"Nina machela Jumanne."

"Iweke kesho."

Mizani akaitazama orodha aliyoijaza kwa mdomo wake mwenyewe. Hakulia, ila alikaa na mkono wa simu sikioni muda mrefu baada ya yule bwana kukata simu, akisikiliza mlio.

Ijumaa saa mbili na nusu shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimleta mgonjwa kwa gari la kuazima, taratibu, kilomita mbili kwa karibu saa nzima. Hospitali kubwa walikuwa wamepigiwa simu. Mwuguzi alisema kitanda hakipo mpaka Jumatano, lakini wakimfikisha atalala koridoni. Koridoni palimtosha Mizani. Aliwapima abiria kumi na wanane mmoja mmoja, kisha badala ya kurudi dirishani akasimama mbele ya mabenchi.

"Ndugu zangu, naomba viti vitatu," akasema. "Mume wangu yuko nje, amelala. Hii ndiyo ndege ya mwisho. Hakuna ya Jumanne tena."

Wengi walikuwa hawajaambiwa kwamba ni ya mwisho. Sasa waliposikia, kila mmoja alishika begi lake kwa nguvu zaidi.

"Mizani," Bi Nguo alisema, "juzi ulinikatisha usingizi wa mchana mara tatu ili nipande. Leo unataka nishuke. Mimi ni mtu au ni mpira?"

"Nisamehe, dada."

"Sijakataa kusamehe. Nimekataa kushuka. Nina mzigo nimeshaulipia, nisipotokea wiki hii utauzwa kwa mwingine. Lakini nikikaa karibu naye nitamshika mkono njia nzima, mpaka achoke yeye."

Mwalimu mstaafu aliinamisha kichwa. "Binti yangu," alisema, "wameniita Jumatatu. Wamesema nisipotokea safari hii faili linafungwa. Nisingekuwa na faili ningekuwa nimeshasimama." Na Mizani aliona kwamba ni kweli, magoti ya mzee yalikuwa yanakwenda na kurudi.

Fundi saa alimgeukia mkewe. Mkewe ndiye aliyenyanyuka kwanza. "Mjukuu atakua tu," alisema. "Tutamwona akishaota meno, atuume vizuri." Wakachukua kikapu chao wakatoka.

Viti viwili. Machela haifungwi kwenye viti viwili.

Aliwarudia wengine mmoja mmoja. Msichana wa usaili wa kazi, mwingine ambaye maiti ya baba yake ilikuwa inamngoja, mwingine mwenye kesi. Kila mtu alikuwa na lake, na kila lake alilijua, maana yeye ndiye aliyewapigia simu. Akaangalia orodha tena. Jina la kumi na tisa halikuwa na kilo. Mama wa machimbo alikuwa hajafika.

Utaratibu wa shirika ulikuwa wazi: orodha inafungwa saa tatu na nusu. Lakini kwa miaka miwili Mizani hakuifunga saa hiyo hata mara moja. Alikuwa akisubiri hadi Kapteni awashe injini, na mara nyingine alimsimamia Kapteni mbele ya ndege na kalamu mkononi mpaka mchelewaji atokee mbio. Mji wote ulijua. Watu wa mbali walikuwa wakiambiana, "Usikimbie, Mizani husubiri."

Mshale wa saa ulifika tatu na nusu. Alitoka mlangoni akatazama barabara. Nje, mumewe alikuwa juu ya ubao kwenye kivuli cha gari, amefumba macho, shemeji akimpepea kwa kofia.

"Wamepatikana?" mumewe aliuliza bila kufumbua.

"Cheza vidole."

Akavichezesha. Mguu wa kulia vyote. Wa kushoto, kimoja.

"Jana vilikuwa vitatu," Mizani alisema.

"Vingine vimelala. Usiviamshe."

Aliporudi mlangoni aliona vumbi mbali, kule mteremkoni. Vumbi la pikipiki. Lingeweza kuwa la mtu yeyote. Aliingia ndani, akaketi, akaweka rula juu ya jina la kumi na tisa na kupiga mstari. Mstari ulinyooka vizuri, jambo lililomshangaza.

Ndege ilikuwa imeshatua. Kapteni na shemeji walikunja viti vya nyuma, wakamhamisha mgonjwa kutoka kwenye ubao hadi kwenye machela, inchi kwa inchi, huku Bi Nguo akiwaamrisha kama waliozaliwa jana. Walikuwa wanakaza mkanda wa mwisho pikipiki ilipofika. Mama wa machimbo alishuka akikimbia, mtoto mgongoni, kanga imejaa vumbi.

"Nimewahi," alisema, akitweta na kutabasamu. "Mchanga ulitukwamisha, nikamwambia dereva asiogope, Mizani husubiri."

Kapteni alimtazama yule mama, kisha Mizani. "Orodha imefungwa?"

Alikuwa anampa nafasi. Akisema bado, machela inashuka.

"Imefungwa," Mizani alisema.

Mlango wa ndege ukafungwa. Injini zikanguruma, changarawe ikaruka, na mtoto akageuza kichwa kuufuata mlio ule, macho yake yakitazama upande mwingine kabisa. Ndege ilinyanyuka mwisho wa uwanja.

"Ndege nyingine ni lini, dada?" mama wa machimbo aliuliza.

"Hakuna nyingine."

"Wiki ijayo?"

"Hakuna tena. Hii ilikuwa ya mwisho."

Yule mama alimshusha mtoto mgongoni, akampangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga, akamkung'uta na nguo, polepole, kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya. "Si ulinipigia mwenyewe," alisema. "Na si huwa unasubiri."

"Huwa nasubiri."

"Yule aliyelazwa mle ni nani?"

"Mume wangu."

Mama wa machimbo alimtazama Mizani kutoka juu hadi chini na kurudi juu. Dereva wa pikipiki alikuwa ameshaondoka.

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo," akasema mwishowe. "Lakini usiniombe msamaha leo, maana naona mdomo wako unataka. Kwa barabara ni siku ngapi?"

"Mbili. Mto ukijaa hata tano."

Alimfunga mtoto tena mgongoni, akakaza fundo kifuani, akaanza kutembea kuelekea barabarani. Mizani alisimama na orodha mkononi. Alimfuata hatua tatu, akasimama, maana hakuwa na kitu chochote cha kumpa.