Panya Mlangoni kwa Mzazi

Nilipojifungua, hapa kwetu Masisi, kila asubuhi nilikuta panya aliyekufa mlangoni. Siku ya nne hasira ikanipanda. Nikamshika mkia, nikampeleka kwa jirani yangu Mama Furaha, mbele ya watu.

"Unaloga mutoto wangu," nikamwambia. Mimi huyu, niliyemaliza sekondari.

Kabla hajajibu, paka wangu akapita katikati ya watu na panya mwingine mdomoni. Akamweka juu ya mguu wangu, kwa adabu ambayo mimi sikuwa nayo siku hiyo, akaketi kunitazama.

Mama Furaha akainua sufuria yake ya majani ya muhogo. "Mama Neema, ulizaa, wote tunakuletea chakula. Paka naye njo analeta yake. Sasa hii sombe nilikupikia, utakula, ao uko na nyama ya kutosha?"